Meza Iliyoitika

Haya nilisimuliwa na mkwe wangu, fundi wa kompyuta, Jumapili iliyopita tukianua nguo kabla mvua haijashuka.

Kazini kwake kuna dada mmoja, karani wa barua. Alikwenda kumzika mama yake bila ruhusa, maana bosi alimwambia maiti hana haraka. Aliporudi alikuta meza tupu. Kompyuta imebebwa, na yeye kafukuzwa. Akavuta kiti, akaketi.

Kompyuta za ofisi moja, anasema mkwe wangu, hazijuani kwa sura. Moja ikitaka kupeleka kitu, huita kwenye waya: "Anwani hii ni ya nani?" Mwenyewe huitika, nayo humkumbuka kwa dakika chache tu. Zikipita, humsahau, huuliza tena. Asiyeitika ndiyo basi, kama hakuzaliwa.

Asubuhi ile zilipouliza, karani aliitika kwa mdomo wake: "Yangu. Nipo."

Barua zikaja. Zilijitokeza juu ya ubao wa meza, herufi nyeusi zimejipanga vizuri, naye akazijibu kwa kidole. Jirani yake wa meza, mama mwenye miwani, akasogeza kikombe chake cha chai kisije kikalowesha maandishi.

Bosi akaja juu. "Meza ni mali ya ofisi! Umeng'ang'ania kama kupe!"

"Kupe hufuata damu, bosi. Mimi nafuata kazi yangu."

"Fundi, mfute!"

Mkwe wangu akamfuta kwenye kompyuta zote. "Tayari, bosi. Ila zikishasahau, zinauliza upya."

Zikauliza. "Nipo," karani akasema, safari hii kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Tangu hapo hakutoka wala hakufumba macho, asije akakutwa kimya. Kompyuta yake haikurudishwa. Mshahara haukurudi. Pole ya msiba, bosi hajaitoa mpaka leo.

Siku moja mchana kichwa kikaanza kuinama kwa usingizi. Zikauliza, akachelewa, herufi mezani zikaanza kufifia.

"Yake!" akaitika mama mwenye miwani, bila kuinua macho. "Yupo!"

Herufi zikakolea.

"Utafukuzwa na wewe, shoga," karani akanong'ona.

"Na mimi si nina meza? Hebu lala."

Swali lililofuata liliitikiwa na chumba kizima, hata mkwe wangu, bosi akiwa amesimama mlangoni. Karani hakulisikia. Alikuwa amelaza shavu juu ya barua, amelala fofofo.