Nukta Namba 31

Mwongeli alipiga makofi. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote baadaye, kwamba Ijumaa ile Dakta Obura aliposoma barua kutoka Uswidi mbele ya maabara nzima, yeye ndiye aliyepiga makofi mpaka viganja vikawasha. Nafasi ya mafunzo ilikuwa moja tu, mwaka mzima, na aliyeipata alikuwa Mourine, rafiki yake wa kufa na kuzikana, mama wa ubatizo wa mtoto wake Nzembi. Angenuna kwa lipi?

Dakta akaendelea kusoma. Mourine amechaguliwa, barua ilisema, kwa kazi yake juu ya nukta namba 31. Mikono ya Mwongeli ikabaki hewani. Nukta namba 31 ilikuwa yake.

Ngoja tuelewane kwanza, maana mambo haya hayajulikani mtaani. Protini za damu hutiwa kwenye jeli, kitu laini kama utando wa maziwa, zikavutwa na umeme mpaka kila moja ikasimama mahali pake. Ukitia rangi, unaona nukta za buluu, mamia. Mwaka huo wa 1999 picha za jeli zilikuwa zimeanza kuwekwa kwenye tovuti moja, watu wa Nairobi, Uswidi na Brazili wakawa wanaitazama picha ileile, wanazungushia nukta duara na kubishana kwa maandishi. Mafundi wa Nairobi walipewa akaunti moja wote. Basi kila mmoja alimalizia maoni yake kwa jina lake, kwa kuaminiana tu.

Kila mtu alisema nukta 31 ni uchafu. Mwongeli akakataa. Alirudia jeli ile mara sita, akaiona mara sita, tena kwa watoto wenye malaria kali peke yao. Akayaandika hayo, akatia jina lake chini. Hakuwa na digrii wala mjomba mkubwa serikalini. Alikuwa na nukta hiyo.

Jumamosi asubuhi alienda kwenye saiba, duka la intaneti, iliyokuwa imefunguliwa juzijuzi mtaa wa Donholm. Akafungua picha. Maneno yake yalikuwepo yote, na chini yake limeandikwa jina la Mourine.

Labda mashine imekosea, akajiambia. Mtu akipenda hujidanganya hivyohivyo. Pembeni mwa ukurasa palikuwa na kitufe cha historia, ambacho hakuna fundi aliyewahi kujisumbua nacho. Akakibonyeza. Yakatoka mabadiliko yote, na tarehe na saa zake. Tarehe nne Mei, saa saba na dakika kumi mchana, jina Mwongeli limefutwa, jina Mourine limeandikwa.

Tarehe nne Mei aliikumbuka vizuri. Mchana huo alikuwa kwenye foleni ya zahanati na Nzembi anachemka homa, na aliyemwambia aende alikuwa Mourine. "Nenda tu, Mama Nzembi, mimi nitakushikia kazi." Kweli, akaishika.

Jumapili baada ya kanisa Mourine alibisha hodi kwa Mwongeli, Kayole, na mkate na maziwa mkononi kama kawaida yake. Akakaa. Akasimulia habari za makoti mazito aliyoyaona soko la mitumba la Gikomba, ya baridi ya huko. Mwongeli akamimina chai, akangoja. Tangu jana alikuwa ameshaamua: akisema pole, nitamsamehe. Hata akinipa uongo mzuri, nitaumeza.

"Mama Nzembi," Mourine akasema, akishusha kikombe, "wale watu watanipigia simu kesho. Hebu nieleze polepole. Ulijuaje si uchafu?"

Mwongeli aliinuka. Alikwenda kabatini, akatoa karatasi ya historia ile, aliyoichapisha saiba, akaiweka mezani karibu na mkate. Mourine aliisoma mpaka mwisho.

"Umemwonyesha Dakta?"

"Bado. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe."

Mourine akashusha pumzi. Haki ya Mungu, alishusha pumzi. Akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mkobani mwake, akaufunga.

"Basi tuyamalize hapahapa nyumbani. Sisi si ni familia?"

Kitu kikakatika ndani ya Mwongeli. Miaka tisa amekula na mtu huyu, amempa mtoto ambebe mbele ya padri, na leo anatazama mkoba umefungwa.

"Hiyo ni nakala, Mourine," akasema. Tangu ubatizo ule alikuwa hajawahi kumwita kwa jina. "Yenyewe iko kwenye tovuti. Huwezi kuifuta. Ukijaribu, hata kufuta kwako kutaandikwa, na saa yake. Kesho saa mbili asubuhi Dakta atakibonyeza mwenyewe kitufe cha historia, nami nitakuwa nimesimama pale."

"Utaniharibia maisha kwa sababu ya nukta?"

"Wewe uliyataka yangu kwa nukta hiyohiyo."

Mourine akainuka. Siku zote Mwongeli humsindikiza mpaka stejini kwenye matatu, wakisimama kila hatua kumalizia hadithi. Leo alimpa mkate wake na maziwa yake, kitu ambacho hakuna mgeni aliyewahi kufanyiwa katika nyumba hiyo, akarudi kukaa kitini. Alisikia viatu vikishuka ngazi peke yavyo. Akavitazama viganja vyake vilivyopiga makofi, ndipo akalia.