Mhudumu wa Ofisi ya Mheshimiwa

Ijumaa ile Wilhelmina alifungua daftari la mahudhurio ili amsainie Ndalahwa kama kawaida, akakuta Ndalahwa ameshasaini wiki nzima. Wino ulikuwa haujakauka. Herufi zililalia kushoto, vilevile alivyoandika tangu shule ya msingi. Akalifunga daftari.

Ofisi ya mbunge pale Kirumba ilikuwa na watumishi wawili kwenye karatasi na mmoja tu kazini. Mheshimiwa alipotaka fedha za ofisi zilipe mhudumu asiyekuwepo, aliomba jina, basi. Wilhelmina, katibu wake, aliogopa kumtia matatani mtu aliye hai. Akatoa jina la kaka yake Ndalahwa, aliyezama ziwani akielekea Sengerema miaka sita iliyopita, na mwili wake usipatikane. Marehemu haitwi polisi, alijipa moyo. Kwao Usukumani jina la marehemu halichezewi. Huitwa kwa pombe ya mtama na maneno ya heshima, maana anayeitwa huja. Yeye aliliandika mwezi hadi mwezi, akampelekea Mheshimiwa bahasha, akabakiziwa elfu hamsini ya kufunga mdomo. Hakumwaga hata tone la pombe.

Siku za karibuni alikuwa akikuta ua umefagiwa na ndoo zimejaa maji. Mama mmoja muuza dagaa alimsifia yule mhudumu mpya, mpole, asiyevaa viatu. Wilhelmina alicheka kwa shida. Angemwambia nani? Mama yake kule Mkolani alikuwa bado anamwekea Ndalahwa chakula.

Kisha akaja mkaguzi, Bwana Nurdin. Mheshimiwa alikuwa amepiga simu asubuhi: mhudumu asipoonekana, atakayekwenda jela ni katibu, kwa kuwa daftari analijaza yeye. Wilhelmina alikaa mezani jasho likimtiririka, akijiandaa kusema kwamba Ndalahwa anaumwa.

Mkaguzi hakuuliza. Alifunga faili, akainuka.

"Mhudumu wenu nimemkuta getini," alisema. "Tumeongea vizuri. Upande wa watumishi sina hoja."

Jamani, amepona! Wilhelmina alishusha pumzi ndefu, na hapohapo mkaguzi akageuka mlangoni.

"Ila anasema hajawahi kushika hata shilingi. Mshahara wake anaupokea dada yake. Ni kweli, dada?"

Neno moja la kukana lingetosha, na mkaguzi angekwenda zake. Nje mtu alisimama karibu na dirisha. Kivuli chake kiliingia ndani, kikapanda mezani, kikatulia juu ya mikono yake. Kilikuwa baridi.

"Ni kweli," alisema, na machozi yakamtoka. "Rudi ukae, Bwana Nurdin. Nikueleze pesa zinakwenda kwa nani."

Mkaguzi alirudi, akafungua faili upya, akauliza aanze na jina la nani. Wilhelmina alitazama dirishani. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu msiba, akalitamka jina la kaka yake kwa sauti, polepole, kama anayebisha hodi.