Mguu wa Tano

Mimi sina wivu. Muulize mtu yeyote, ila mume wangu usimuulize.

Yeye huchora watu kwenye bamba la shaba, asidi ikaila mistari, kisha hupaka wino na kuchapa kwenye karatasi. Watu wenyewe hawana hata sura: kichwa duara, kiwiliwili vijistari vitatu. Picha ya juzi alisema ni sisi wawili, ya kutundika sebuleni. Roho yangu ikawa kwatu. Nikachukua lenzi yake nione nilivyotoka.

Nikahesabu vichwa, viwili. Nikahesabu miguu. Mitano!

"Wewe bwana, huu wa tano ni wa nani?"

Akakuna kichwa. "Aa, bamba la zamani hilo. Nilikwangua picha ya kwanza, nikachora juu yake. Kamguu kamebaki kidogo."

"Picha ya nani?"

Akageuka kupanga chupa zake za wino. Basi nikajua. Mke wake wa kwanza, yule mrefu, aliyeachana naye kabla hata mimi sijamjua huyu bwana. Kumbe ningekaa naye sebuleni kwangu! Damu ikanichemka. Nilitaka mume mzima, sikutaka mume na mabaki ya mtu.

"Ufute leo hii hii."

"Hata hakaonekani, mke wangu. Ni wewe tu na lenzi yako."

"Unamwonea huruma, eti?"

Akanipa kisu cha kukwangulia. "Haya, futa mwenyewe. Ila ukimaliza, pasugue palainike."

Kusugua nini! Nilikwangua mchana kutwa, huku nikimpa yule mwanamke kila jina baya ninalolijua, mpaka mkono ukafa ganzi. Mguu ukaisha. Nikamwambia achape.

Miaka sita nimefua mashati yake yenye wino. Najua kabisa kuwa shaba iliyokwaruzwa bila kulainishwa hushika wino kupita kiasi. Hasira ikanisahaulisha. Karatasi ilipobanduliwa, sisi wawili tulikuwa vilevile, vijistari tu. Katikati yetu, pale nilipokwangua, palikuwa na doa jeusi tititi, kubwa kuliko kichwa changu.

Akalitazama muda mrefu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma.

"Mimi nilikuwa nimeshamsahau, mke wangu," akasema.

Nilimwamini. Tangu anioe, ndiyo mara ya kwanza kumwamini kabisa, na doa lile liko mezani, bado bichi.