Mashati Safi ya Mwekezaji

Dobi alifungua mfuko wa kwanza, akanusa shati, akalirudisha. Akafungua wa pili. Ilikuwa saa nne asubuhi, pasi zimeshapata moto, na damu yake nayo ikaanza kuchemka.

Mashati yalikuwa safi. Tena yamekunjwa kwa mkunjo wake mwenyewe, ule wa kulaza mikono mgongoni na kushika kola kwa pini mbili, ambao hakuna dobi mwingine mtaani aliyeuweza. Wiki iliyopita aliyafua, akayapiga pasi, akayapeleka. Hakuna aliyeyavaa. Wamemrudishia kama walivyoyapokea, hata pini hawakujisumbua kuzichomoa!

Aliyemtia katika biashara hii ni mtoto wa dada yake. Miezi minane iliyopita kijana alifungua kampuni ya kuagiza dobi kwa simu, akamwambia aachane na wateja wa kubisha hodi, kazi za maofisi zingemtosha. Dobi akawakataa watu aliowafulia miaka ishirini, wengine wakaondoka wamenuna. Na leo bwana mkubwa huyo anakuja kuchukua hati ya nyumba ya Dobi, iwekwe rehani benki, zinunuliwe mashine kumi.

Kijana aliingia meno yote nje, fomu za benki kwapani.

"Shikamoo mama mdogo. Mapato yamepanda mara tatu!"

"Marahaba. Haya mashati ya nani?"

Kijana alitazama zile pini, tabasamu likamkauka.

"Ya maofisi ya mwekezaji wetu. Kila ofisi lazima ilete mifuko arobaini kwa wiki. Nguo chafu zikiisha, basi... wanajazia."

"Hela za kutulipa anawapa nani?"

"Yeye mwekezaji."

"Na wewe mtaji alikupa nani?"

"Huyohuyo. Lakini mama mdogo, kampuni changa ndivyo zinavyokua. Wawekezaji wengine wakiona namba, watakuja."

"Waje wafue nini? Mtu anatoa hela mfuko huu anatia mfuko ule, nyie mnapiga makofi! Siku akichoka, benki itamfuata yeye, au itakuja kunitoa mimi chumbani kwangu?"

"Wateja wa kawaida nao watakuja."

"Mpaka leo wamekuja wangapi?"

Kijana aliziweka fomu mezani, akaanza kuzipanga upya. Dobi alikuwa amembeba mgongoni mtoto huyu, amemlisha kwa mkono wake, na hilo ndilo lililomzidishia uchungu. Akalitazama shati jeupe la kijana, kola imepinda upande mmoja.

"Na hilo ulilovaa limefuliwa wapi?"

Kijana akainyoosha kola.

"Si nakuuliza wewe!"

"Nafua mwenyewe, mama mdogo," akasema, macho chini. "Bei yetu siiwezi."

"Basi nenda kaiambie benki hivyohivyo," Dobi alisema, akazisukuma zile fomu mpaka zikaanguka sakafuni.