Vivuli vya Darasa la Asubuhi

Katika kozi ya Lugha, Kabila na Haki za Binadamu ilikuwa marufuku kutaja jina la ukoo. Mhadhiri alisema jina la ukoo humuuza mtu kabla hajafungua mdomo, kwa hiyo kila mwanafunzi alitumia namba yake ya mtihani, na viti viligawiwa kwa kura ili watu wachanganyike. Binti wa fundi cherehani aliyapenda sana maneno hayo. Jioni alipomsimulia mama yake, fundi huyo alikata uzi kwa meno.

"Anayekataza majina anayajua yote," alisema. "Mwangalie vizuri huyo."

"Mama nawe! Si ndiyo haki yenyewe?"

Kila asubuhi jua liliingia madirishani na kutupa vivuli vya darasa zima kwenye ukuta wa upande wa pili. Kabla muhula haujafika katikati, vivuli viliinuka, vikahama. Watu walibaki kwenye viti vyao vya kura, mchanganyiko mzuri kabisa, lakini ukutani kila kivuli kilikwenda kukaa na vya kwao. Hakuna aliyepiga kelele. Walitazama, wakainamisha vichwa, na tangu siku hiyo hata kuazimana kalamu kukawa kwa tahadhari.

Kivuli cha mhadhiri kilishuka jukwaani kikajibana kati ya vivuli vya karibu na mlango, kikawa kinacheka hadi mabega yanatikisika. Mwenyewe alikuwa anafundisha usawa mbele ya sheria, macho makavu. Kivuli cha binti kilikaa pembeni peke yake, kimepakata mkoba, maana hapo chuoni hakukuwa na mwingine wa kwao.

Binti hakujali, au alijifanya hajali. Nafasi ya msaidizi wa mhadhiri ilikuwa ya atakayeongoza katika mtihani, na karatasi za mtihani hazikuwa na majina. Alisoma mpaka macho yakamuuma. Matokeo yalipobandikwa, namba yake ilikuwa juu kabisa.

Nafasi ilikwenda kwa kijana wa kiti cha nyuma, msinziaji maarufu, ambaye kivuli chake kilizoea kuegemea bega la kivuli cha mhadhiri.

Binti alikwenda ofisini kwa mhadhiri.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyeongoza."

"Kweli kabisa, binti. Hongera sana. Ila kamati ilitazama mambo mengi."

"Hata mimi niliyatazama. Ukutani."

Mhadhiri alitabasamu. "Kivuli si ushahidi. Nadhani hilo tulilisoma."

Taa ilikuwa inawaka, lakini ukutani nyuma yake hapakuwa na kitu. Kivuli chake kilikuwa kimeshatoka, kimekwenda kumpongeza kijana.

Muhula uliofuata, sehemu ya pili ya kozi ilikuwa ya lazima. Msaidizi mpya alipanda jukwaani na tai yake, akakumbusha kwamba humu hakuna majina ya ukoo. Kisha akauliza nani anaweza kueleza maana ya ubaguzi.

Binti peke yake ndiye aliyenyoosha mkono. Kule pembeni, kivuli chake nacho kikanyoosha. Msaidizi aliutazama ukuta kwanza, polepole, kutoka pembeni hadi mlangoni.

"Kumi na tisa," alisema, "hebu tueleze."

Kumi na tisa, ambaye wala hakuwa na habari, aliinuka akaanza kubabaisha. Binti aliushusha mkono wake. Kivuli hakikuushusha, kilibaki kimenyoosha mpaka jua likapanda na ukuta ukawa mweupe.