Chupa za Kwenye Uzio

Odeta alijua kuna jambo baya pale Mama Gladness alipoacha kuitikia shikamoo yake. Mama wa watu alikodolea macho kiroba cha chupa alizookota Odeta, binti wa kujitolea, asubuhi ile ufukweni mwa ziwa, Nansio.

"Chupa zilizofungwa kwenye uzio wa kuzuia mamba, pale pa kuchotea maji, nani kazitoa?"

"Mimi, mama. Plastiki inaliua ziwa."

"Mungu wangu! Tulizifunga ziwe alama pale mamba alipobomoa, ili mtu asichote upande ule. Na Gladness ameshatangulia na watoto wenzake, na ndoo!"

Odeta hakungoja zaidi. Alitimua mbio, mchanga ukimvuta miguu. Si yeye aliyewafundisha watoto wale kwamba chupa haiachwi majini hata moja?

"Tokeni! Tokeni majini!"

Watoto wakakurupuka, ndoo zikabaki zikielea. Gladness peke yake hakutoka. Alikuwa amesimama kwenye pengo la uzio, maji kiunoni, ameinua chupa juu huku anacheka.

"Dada Odeta, hii uliisahau!"

Upepo haukuwapo. Nyuma ya mtoto, maji yakaanza kupasuka taratibu.