Kijiti cha Meno cha Kyalo

Kama kuna kitu kilichomkera Rispa kuliko joto la Changamwe, basi ni kile kijiti cha meno. Jamani! Kanisa zima liko kwenye mfungo wa siku ishirini na moja, watu hawatii kitu kinywani mpaka jua lizame, halafu mumewe Kyalo anarudi kutoka yadi ya makontena kajipaka mafuta usoni, kachana nywele, anachokoa meno kama mtu aliyetoka harusini.

"Umeshindaje, mama?" humwuliza.

"Nimeshinda na njaa ya Bwana. Wewe naona umeshinda na minofu."

"Chakula chako hakikubaki hata punje, mke wangu."

Na kweli, ile hotipoti ya samawati anayompakia chakula cha mchana hurudi tupu, imeoshwa ikang'ara. Jioni wakifungua, Kyalo huushambulia ugali tena. Rispa humtazama akashindwa kuelewa tumbo lile lina mwisho wapi.

Sasa tusimsingizie mwanamke wa watu. Rispa alifunga kwelikweli, tangu alfajiri maji tu. Ila alitaka ijulikane. Mafuta aliyaacha siku ya kwanza, midomo ikapasuka, kilemba akakifunga ovyo, na akiulizwa hali hujibu kwa sauti ya mtu aliyelazwa. "Dada Rispa huyo, mwombaji hasa!" kina mama wakasema, na neno hilo lilimshibisha kuliko wali. Uchaguzi wa mwenyekiti wa kina mama ulikuwa karibu, na kiti hicho alikitaka mpaka akakiota.

Jumatano, kwenye ibada ya maombi, akashika kipaza sauti. "Wapendwa, niombeeni. Nyumbani kwangu nina mtu ambaye tumbo lake ndilo mungu wake."

Kanisa likaguna. Mchungaji akaamua Jumapili Kyalo aletwe mbele, awekewe mikono mbele ya watu wote. Maneno yakamfikia Kyalo kabla Rispa hajafika nyumbani, lakini hakulalamika. Aliuliza tu kama mchele wa kesho upo, na kama utaweza kuongezwa kidogo. Rispa alitamani kumpiga na mwiko.

Jumamosi mchana ilikuwa zamu ya kapu la upendo. Kina mama walikuwa wamepata habari za Agneta, mjane aliyepanga chumba Jomvu Kuu, aliyepooza upande mmoja na hana ndugu wa karibu. Rispa akabeba kapu. Vivian, katibu wao, akabeba simu, maana kwenye kundi lao la WhatsApp sadaka isiyopigwa picha ilikuwa kama haikutolewa.

Walipokewa na Mastura, binti wa mwenye nyumba. "Karibuni, karibuni ndani, mgonjwa yuko macho." Vivian akabaki uani akitafuta mahali penye mwanga mzuri. Rispa akaingia, akamsalimu Agneta kitandani, akainama kuweka kapu mezani.

Pale mezani palikuwa na hotipoti ya samawati. Ah, hotipoti za samawati Mombasa ni nyingi. Hata hivyo mkono ulikwenda wenyewe, akaigeuza.

Kina mama wa kanisa lao hutia vyombo vyao alama kwa rangi ya kucha, visipotelee matangani. Alama ya Rispa ilikuwa R nyekundu na vitone vitatu, kitone kwa kila mtoto. Hapo chini ya hotipoti palikuwa na R nyekundu na vitone vitatu.

"Hii... hii mmeipata wapi?"

Agneta akafumba macho. "Ni ya mtu tu, mama."

"Mtu gani?"

"Si yule bwana wa yadini!" Mastura akadakia. "Kila siku ya kazi saa saba huyo, mvua jua. Amlisha kijiko kwa kijiko, aosha chombo, aenda zake. Leo kaitwa mbio, kakiacha."

"Mastura, nyamaza! Aliniapisha nisiseme!"

"Kakuapisha wewe, si mimi. Wallahi, nampa hata chai hataki, asema yuko kwenye mfungo wa kanisa lao. Kisha atoa kijiti mfukoni, achokoa meno! Nikamwuliza, wachokoa nini nawe hujala? Acheka tu. Asema anayetakiwa kuona ashaona."

Rispa akaketi sakafuni na hotipoti mapajani. Wiki mbili nzima! Mtu kabeba chakula chenye harufu nzuri, kakilisha kinywa kingine, karudi kuushambulia ugali kwa sababu ndicho chakula chake cha kwanza tangu jana. Naye Rispa kamwita nani? Tumbo lake ndilo mungu wake. Kwenye kipaza sauti!

"Wamjua?" Agneta akauliza taratibu.

"Nilidhani namjua."

Vivian akachungulia, simu juu. "Dada Rispa, inuka! Shika kapu, mtazame mgonjwa, tabasamu kidogo!"

"Zima."

"Nini?"

"Izime hiyo simu, Vivian! Hakuna picha hapa!"

Hotipoti aliiacha palepale ilipokuwa. Jioni Kyalo alirudi na kijiti chake mdomoni, akasema chombo amekisahau. Rispa aliona aibu kumwambia alichokiona, akampakulia ugali. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hiyo haikuwa yeye, mke wa ndoa.

Jumapili mchungaji aliita. Kyalo akasimama mwenyewe, shati limepigwa pasi, akaanza kwenda mbele. Rispa akampita mbio.

"Mchungaji, mkosaji ni mimi! Nilimsingizia mume wangu mbele yenu. Niwekeeni mimi mikono."

"Kwani mumeo hali chakula mchana?" mama mmoja akauliza.

Jibu lilimjaa kinywani, tamu, la kuwanyamazisha wote. Akalimeza. "Hilo msiniulize. Nilisema uongo, basi."

Minong'ono ikazagaa mpaka viti vya nyuma. Tangu siku hiyo hakuna aliyemtaja tena kwa habari ya uenyekiti, na iliuma, tusidanganyane.

Jumatatu alfajiri alipika, akachukua hotipoti nyingine, akaijaza mpaka kifuniko kikakataa, akaweka juu yake kijiti kipya cha meno. Kyalo alikitazama, akamtazama mkewe, macho yakamlengalenga. Akakitia mfukoni, akaenda kazini.

Mchana Rispa alinawa uso, akajipaka mafuta, akafunga kilemba kikakaa, akaenda kuteka maji bombani. Vivian alimkuta kwenye foleni.

"He! Umenawiri, Dada Rispa! Mfungo umekushinda?"

Wanawake wote wakageuka. Rispa, ambaye tangu jana jioni hakuwa ameonja kitu, alichomoa kijiti kilembani, akaanza kuchokoa meno.